Sifuri Nayo Huandikwa

Katika daftari langu la ndege kuna ukurasa wenye alama ya dole gumba, nyeusi ti katikati na yenye kufifia pembeni, mistari ya ngozi ikisomeka yote kama ya mtu aliyetia dole kwenye wino wa karani. Ni dole langu. Juu ya alama ile nimeandika kwa penseli: "Saa 12:40 asubuhi. Maji yanakupwa. Upepo mwepesi kutoka baharini. Mnandi 1, hai, ametapakaa mafuta." Chini yake ukurasa ni mtupu. Nilikuwa nimeshatia daftari mfukoni na kuvua koti.

Wengi waliosikia habari za chama chetu cha watazamaji ndege wamesikia yaliyofuata baada ya koti lile: mabeseni, povu la sabuni, shakwe aliyeviringishwa ndani ya taulo akitoa kichwa tu. Picha zile zilizunguka sana na sizikani. Ila kila nikiulizwa tulifanya nini mafuta yalipomwagika, jibu linalonijia kwanza halina beseni ndani yake. Linahusu Jumamosi, miaka kumi na moja ya Jumamosi, na mzee mmoja aliyenikatalia kuondoka mapema siku ya mvua.

Chama chetu ni kidogo. Tukijaa tunafika watu ishirini na watatu, na hatujai mara nyingi. Yumo muuguzi, yumo fundi cherehani, yumo dereva wa winchi, wamo wanafunzi wawili wanaogawana darubini moja, na yumo mwalimu mstaafu aliyetufundisha sote, ambaye kila mtu humwita Mzee. Eneo letu ni mdomo wa mto pamoja na mafungu ya tope na mchanga yanayotokeza maji yakipwa. Tumeligawa vipande sita, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi kila kipande kinahesabiwa. Hiyo ndiyo shughuli yetu kubwa. Safari za kwenda kutazama ndege adimu zipo, na mikutano ya jioni ya kubishana kama ndege fulani kwenye picha yenye ukungu alikuwa huyu au yule ipo pia, lakini chama kinasimama juu ya ile Jumamosi.

Tunahesabu maji yakijaa. Mgeni hushangaa, maana ndege hula maji yakipwa, tope likiwa wazi. Lakini tope wazi ni kilomita kadhaa, na chekeamwezi aliyeinama mbali nawe kilomita moja huwezi kumtofautisha na bonge la udongo. Maji yakianza kupanda yanawasogeza taratibu, hatua kwa hatua, mpaka wanabanana kwenye vifungu vichache vilivyobaki vikavu. Hapo wanatulia, wanasimama kwa mguu mmoja, wanaficha mdomo mgongoni, nawe unapata kama saa moja ya kufanya kazi yako. Siku za bamvua hata vifungu hivyo hufunikwa na kundi zima likaondoka, kwa hiyo Mzee alitufundisha kutazama mwezi angani kabla ya kupanga lolote.

Kuhesabu kundi kwenyewe kunafanyika hivi. Unahesabu kumi, mmoja mmoja, bila kuiba. Unalitazama lile kumi mpaka jicho lizoee upana wake. Kisha unaliweka kando ya kumi jingine, na jingine, ukifuata kundi kama fundi anavyopima kitambaa kwa shubiri. (Fundi cherehani wetu ndiye mwenye jicho kuliko wote, na siamini kuwa ni bahati.) Kundi likiwa kubwa sana unafanya vivyo hivyo kwa mia. Watu wawili wanahesabu, kila mmoja peke yake, bila kuambiana, ndipo wanalinganisha. Namba zikikaribiana zinaandikwa zote mbili. Zikipishana sana mnarudia, na kama kundi limeshapaa, mnaandika kwamba mlipishana na kwa kiasi gani. Hilo la mwisho ndilo gumu. Mtu anatamani kuacha namba moja safi kwenye karatasi.

Mwaka wangu wa kwanza nilipangiwa kipande cha tano, hori la magharibi, pamoja na Mzee. Ulikuwa mwezi wa nne mfululizo hatuoni ndege pale, na mvua ilikuwa inanyesha ya kukata tamaa, ile isiyo kubwa wala haikomi. Nikamwambia, "Mzee, leo hakuna kitu. Twende."

"Umetazama?"

"Nimetazama."

"Mpaka kule mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Basi kitu kipo. Andika sifuri, mwanangu. Ukiacha wazi, atakayesoma hatajua kama ndege hawakuwepo au wewe hukuwepo."

Nikaandika sifuri. Nilikuwa natumia kalamu ya wino wakati huo, na mvua ikaichuruza ile sifuri mpaka ikawa na mkia. Mwezi uliofuata nilikuja na penseli.

Hatukubuni sisi jambo hili. Krismasi ya mwaka 1900 huko Marekani, mtaalamu wa ndege Frank Chapman aliwaomba watu waache ile desturi ya kutoka siku hiyo na bunduki kushindana nani ataua ndege wengi zaidi, watoke kuwahesabu walio hai. Waliitikia watu 27. Hesabu ile haijakatika mpaka leo, na waliomo sasa ni makumi ya maelfu. Kwa ndege wa majini, hesabu ya kimataifa ya kila Januari ilianza mwaka 1967. Mwaka huohuo, tarehe 18 Machi, meli ya mafuta iitwayo Torrey Canyon ilipanda mwamba karibu na Cornwall, Uingereza, ikiwa na shehena ya takriban tani 119,000 za mafuta ghafi. Inakadiriwa kuwa ndege 25,000 wa baharini walikufa, na dawa kali zilizomwagwa kutawanya mafuta zikaua viumbe wengine wengi wa ufukweni ambao mafuta peke yake yangewaacha. Miezi miwili tu inatenganisha mambo hayo mawili. Dunia ilikuwa ndiyo kwanza inashika penseli.

Na ukitaka kuona thamani ya penseli, tazama Alaska. Tarehe 24 Machi 1989 meli Exxon Valdez ilipanda mwamba katika ghuba ya Prince William Sound. Ndege waliokutwa wamekufa na kuokotwa walizidi 35,000. Makadirio yanayotajwa zaidi ya waliokufa kwa jumla ni 250,000. Hao waliobaki katikati ya namba hizi mbili hakuna aliyewaona: mizoga huzama, huliwa, huchukuliwa na upepo kwenda kusikofikika. Waliotaka kujua hasara ilikuwa kubwa kiasi gani walihitaji kujua kabla ya siku ile palikuwa na nini, wapi, mwezi gani, na mahali pengi hesabu za namna hiyo zilikuwa chache au za zamani. Ubishi uliendelea kwa miaka.

Sasa nirudi kwenye ukurasa wangu.

Harufu ilitangulia. Mwanafunzi mmoja alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri na hata kabla sijafika ufukweni nilikuwa nimeshaipata, nzito, kama karakana iliyofungwa usiku kucha huku dumu limeachwa wazi. Meli ilikuwa imetoboka tangi la mafuta yake ya kujiendeshea. Ya nani na kwa uzembe wa nani yaliamuliwa pengine, nami nayaacha hukohuko. Mafuta ya meli ni mazito kuliko watu wanavyodhani. Hayakuwa yametanda kama rangi zile za upinde kwenye dimbwi la barabarani. Yalikuwa mabonge, na wimbi lilipovunjika halikutoa sauti yake. Lilianguka kimya, kama nguo iliyolowa.

Mnandi alikuwa amesimama mchangani, mahali ambapo mnandi hasimami. Ndege huyu kwao ni kwenye nguzo na miamba, na akitoka kuzamia hutandaza mbawa zote mbili juani akauke. Huyu alikuwa ametandaza nusu, na zile mbawa hazikufunguka zaidi ya hapo. Kilichonivunja moyo ni kwamba alikuwa anajichana. Kwa utulivu kabisa, unyoya mmoja baada ya mwingine, kutoka shinani hadi nchani, kama anavyofanya kila siku ya maisha yake, na kila alipovuta unyoya mdomo ulitoka mweusi zaidi.

Unyoya ukiuweka chini ya kioo cha kukuzia utaona vinyuzi vyake vimeshikana kwa vikulabu vidogo mno, mamia kwa mamia, kama zipu. Huo mshikamano ndio unaozuia maji. Ndege anapojichana anafunga zipu zilizoachia. Mafuta yakiingia, vikulabu vinagandana na kuachana ovyo, maji yanapenya hadi kwenye ngozi, na joto la mwili linatoka. Penye maji ya baridi doa dogo tu kifuani latosha. Basi ndege anatoka majini kutafuta ahueni, na huko nchi kavu chakula chake hakipo. Anajichana ili apone, na kwa kujichana anameza sumu: utumbo unachubuka, figo zinaharibika, damu inapungua. Kama ni wakati wa kuatamia, mama anarudi kiotani na mafuta tumboni mwake, na tone moja likipita kwenye ganda la yai laweza kumuua kifaranga aliyemo ndani. Ndiyo maana sipendi kusikia ikisemwa kwamba ndege "wamechafuka". Aliyechafuka huoga akapumzika.

Nilimfunika kichwa kwanza, kama tulivyofundishwa, maana giza humtuliza. Mdomo wa mnandi una ncha iliyopinda kama ndoana, na kabla koti halijamfika alinichana kiganja. Aliponyamaza nilisikia moyo wake ukipiga ndani ya koti, wa haraka kuliko nilivyoweza kuhesabu, mimi niliyezoea kuhesabu.

Nilimpeleka moja kwa moja kwa muuguzi wetu, aliyekuwa ameshafungua ghala tuliloazimwa. Nikamwomba maji ya moto na sabuni.

"Weka boksi hapo," akasema.

"Dada, anameza mafuta. Tumwoshe upesi."

"Huyu hana nguvu hata ya kuogopa. Ukimwosha sasa atakufia mikononi."

Alikuwa amefanya mafunzo ya kuokoa ndege, mimi sikuwa nimefanya, na hapo nilikuwa karibu kutenda kosa ambalo huua ndege wengi waliookotwa na watu wema. Kuosha ndege ni kumpa kishindo kikubwa: kushikwa, kugeuzwa, kuloweshwa mwili mzima, kwa muda mrefu. Asiye na joto wala maji mwilini hakimudu. Kwanza anakaa kwenye boksi lenye matundu ya hewa, penye joto, giza na ukimya, anapewa maji na mtu anayejua kuyapeleka tumboni bila kuyapeleka mapafuni, anapimwa. Mara nyingi siku nzima au mbili hupita kabla hajaguswa na sabuni. Kwa mtu aliyekuja na moyo wake mkononi, kukaa kimya nje ya mlango uliofungwa ni adhabu. Baadhi ya watu waliojitolea walituona hatuna huruma wakaondoka.

Siku ya kuosha, maji yanakuwa ya nyuzi joto kama 40, karibu sawa na joto la mwili wa ndege mwenyewe, na sabuni ni ile ya kawaida ya kuoshea vyombo, kidogo tu. Mmoja anashika, mmoja anaosha. Beseni la kwanza linageuka chai ya rangi, unahamia la pili, la tatu, la nne. Kuzunguka macho tunatumia mswaki laini. Halafu kusuuza, na kusuuza ndiko kunakochukua muda, kwa sababu sabuni ikibaki nayo inazuia vile vikulabu visishikane. Unajua umemaliza kwa ishara moja. Shakwe wa kwanza niliyemsuuza, maji yalikuwa yanamlowesha, yanamlowesha, shingo yote imesinyaa na kubandama kwenye ngozi. Kisha nikapitisha maji ubavuni nikaona tone limesimama. La mviringo, zima, limekaa juu ya unyoya kama ushanga. Likabingirika likaanguka. Pale lilipokuwa, unyoya ulikuwa mkavu. Nilimwita kila mtu aje aone.

Mnandi wangu hakufika hapo. Alikufa usiku wa pili, ndani ya boksi, kabla ya kuoshwa.

Wapo wataalamu wanaosema kuosha ndege hakuna maana kwa kuwa wengi hufa baadaye, na wapo wanaoonyesha wengi waliorudi wakaishi na kuzaa. Inategemea sana ni ndege gani. Pengwini ni wastahimilivu. Mimi niliyelisikia lile pigo la moyo ndani ya koti sitasema tusioshe. Nitakachosema ni kwamba aliye ndani ya beseni ameshapata ajali, na kazi kubwa ya kuokoa inawahusu wale ambao mafuta hayajawafikia.

Mfano mkubwa wa hilo uko Afrika Kusini. Mwaka 1994 meli Apollo Sea ilizama karibu na Cape Town na pengwini wapatao 10,000 wakapatwa na mafuta. Karibu nusu yao walikufa. Miaka sita baadaye, Juni 2000, meli Treasure ikazama katikati ya visiwa vya Robben na Dassen, wakati pengwini wa Afrika wakiwa wanazaliana kwa wingi. SANCCOB, shirika lililokuwa likiokoa ndege wa baharini tangu 1968, likapokea pengwini karibu 19,000 waliotapakaa mafuta, na kwa msaada wa maelfu ya watu waliojitolea zaidi ya asilimia 90 walirudi baharini wakiwa hai. Lakini uamuzi ninaousimulia kila mara ni ule mwingine. Walikamatwa pengwini wengine 19,500 hivi ambao walikuwa safi kabisa, wakapakiwa kwenye malori, wakapelekwa mashariki hadi Port Elizabeth, mamia ya kilomita, wakaachiwa baharini. Wakaanza kuogelea kurudi kwao. Watatu, waliopewa majina Peter, Percy na Pamela, walifungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa setelaiti, watu wakawa wanafuatilia safari yao siku hadi siku. Huku wao wanakata maji, ufukwe wa nyumbani unasafishwa. Aliyepanga vile alikuwa anajua wangapi wako wapi.

Kwetu uamuzi wa namna hiyo, mdogo mno ukilinganisha, ulikuja saa tatu asubuhi ya siku ileile ya kwanza. Msimamizi wa kazi ya kuzuia mafuta alifika na uzio unaoelea, yale mapipa marefu yaliyounganishwa ambayo hukatiza mkondo. Ulitosha mlango mmoja. Milango ilikuwa miwili: ule unaoingia kwenye fungu la kipande cha tatu, na ule wa hori la magharibi, kipande cha tano. Maji yalikuwa yanakaribia kugeuka, na yakigeuka yangeingia na mafuta. Uzio mwingine ulikuwa njiani, ungefika jioni.

Mzee aliyapanga madaftari juu ya boneti ya gari. Kumi na moja, ya miaka kumi na moja, kila moja limefunguliwa mwezi uleule. Kipande cha tatu: chekeamwezi na vitwitwi, mamia kwa mamia kila mwaka, ndege waliotua kutoka safari ndefu wakiwa wamebaki mifupa, wanaokula usiku na mchana ili wajaze miili kwa safari inayofuata. Hata saa chache za kukosa pa kutua ni hasara kwao. Kipande cha tano: sifuri, sifuri, sifuri, mbili, sifuri, sifuri.

Msimamizi alipitisha kidole kwenye ile safu. "Hizi sifuri mna uhakika nazo? Au hamkwenda?"

Niliitambua ile yenye mkia.

"Nilikwenda," nikasema. "Ilikuwa inanyesha."

Uzio ukaenda kipande cha tatu. Maji yalipojaa mchana, tulikuwa tumewaweka watu pande zote za fungu kuzuia waandishi wa habari, mbwa na wapita njia wasisogee, na nikaona kundi linashuka juu ya mchanga ambao ulikuwa bado na rangi ya mchanga. Wachache walikuwa na madoa miguuni. Tulihesabu, wawili wawili, bila kuambiana. Mikono ilitutetemeka, na namba zilikaribiana.

Mafuta yakaingia hori la magharibi.

Siku ya nne mama mmoja mtu mzima alikuja pale ghalani na ndoo tupu. Hakuja kwa ugomvi. Aliketi, akatutazama tunavyobeba maboksi, kisha akaniita.

"Mwanangu, nasikia ninyi ndio mliosema kule kwetu hakuna kitu."

"Tulisema hakuna ndege, mama."

"Haya. Na sisi? Tunaokota kome na chaza kule tangu sijaolewa. Kila mwezi mnakuja na hivyo vioo vyenu, mnatugeuzia. Mlikuwa hamtuoni?"

Tulikuwa tunawaona. Hilo ndilo lililoniweka macho usiku ule na mwingine mwingi. Nilikuwa nawaona vizuri sana, wameinama, kanga zimefungwa kiunoni, ndoo zimepangwa kando. Hata tulikuwa tunawatumia kuelekezana: "Tazama kulia kwa wale mama, kuna shakwe anapita." Miaka kumi na moja, na ukipekua madaftari yote hutakuta popote kwamba wale mama walikuwepo. Wangalikuwa yangeyange tungaliwaandika mmoja mmoja.

Naamini uzio ule ulikwenda mahali pake kwa yale yaliyokuwa mezani asubuhi ile. Ila siwezi kusema tuliweka mezani yote tuliyoyajua. Msimamizi hakuuliza juu ya kome, nasi hatukusema, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale nikiitetea sifuri yangu kwa fahari. Nilimwomba mama yule radhi. Aliniambia radhi ameipokea, lakini chaza hawaoshwi kwa sabuni. Ni kweli. Kome na chaza huchuja maji yanayowapita, wanachukua yaliyomo, na kula chaza waliotoka kwenye mafuta ni hatari. Hori lilifungwa kwa muda mrefu.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kutembea. Mara mbili kwa siku, maji yakianza kurudi nyuma, watu watatu kwa safu: mmoja ukingoni mwa maji, mmoja kwenye mstari wa majani na takataka zilizotupwa na wimbi, mmoja juu kwenye nyasi. Kila mzoga unaandikwa aina, mahali, saa na kiasi cha mafuta, unafungwa kibandiko, unatiwa mfukoni, ili mwingine asije akauhesabu tena. Asubuhi tulitoka kabla ya jua, maana mbwa na kunguru hawasubiri. Siku tuliyotembea tusiokote kitu, tuliandika sifuri tatu, kila mtu na yake. Fundi cherehani na Mzee walikata vipande vya ubao, wakavipaka rangi ya manjano na kuvipa namba, mashua ikavimwaga pale meli ilipokuwa, tupate kukisia ni mizoga mingapi ya baharini inayofika ufukweni. Vilikuwa hamsini. Ufukweni tuliokota tisa. Ubao hauzami kama ndege, kwa hiyo hata hivyo vipande tisa vilitupa picha ya matumaini kuliko hali ilivyokuwa.

Mambo ya fidia sitayaeleza kwa urefu, yalinichosha. Inatosha kusema kwamba mikataba ya kimataifa ya fidia hailipi bei iliyobuniwa kwa kila ndege aliyekufa. Inalipa hasara iliyothibitishwa, gharama halisi za kusafisha, na hatua za maana za kuyarudisha mazingira. Mwakilishi wa mwenye meli alidai vitwitwi waliopungua kipande cha tatu wiki ya tatu walikuwa wameondoka tu, kwani hao si wasafiri? Ni wasafiri, kweli. Lakini madaftari yalionyesha kwamba mwaka hadi mwaka huondoka mwezi mmoja baadaye, na si katikati ya mwezi ule. Alisoma kurasa zile muda mrefu, hakurudia dai lake. Nusu ya hoja za wale mama nazo zilibebwa na madaftari ya mtu: mmoja wao alikuwa akiandika ndoo zake kwa vistari nyuma ya mlango wa jikoni, mwezi kwa mwezi, na mlango ule uling'olewa ukaletwa mbele ya wakaguzi jinsi ulivyo.

Jumamosi iliyopita ilikuwa ya pili ya mwezi. Macho ya Mzee yamekwisha. Haoni tena hata fungu lenyewe, licha ya ndege. Anakaa kwenye kiti cha kukunja na daftari mapajani, sisi tunatazama, yeye anaandika. Safu zimeongezeka. Tulikuwa kipande cha tano, mimi na yeye, maji yamejaa nusu, kuna kijua.

"Vitwitwi?"

"Sifuri."

"Mnandi?"

Nikapitisha darubini polepole kwenye nguzo zote za lile gati bovu, kutoka kushoto, mpaka kule mwisho.

"Sifuri."

Akaandika, duara lililotetemeka kidogo. Akasogeza penseli kwenye safu ya mwisho.

"Mama wa chaza?"

"Sita," nikasema. "Mmoja anatupungia."